Ramani ya Nyumba Yako Imesafishwa? Mabaki Yasiyotumika Kwenye Faili za Kompyuta na Hasara Yake kwa Mwenye Ploti

Ramani ya nyumba siku hizi huwa faili ya kompyuta muda mrefu kabla ya kuwa karatasi. Msanifu wa majengo huichora kwa programu, mhandisi huongeza nguzo na nondo, mpima ardhi huleta mipaka ya ploti, na faili hiyo hupitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa barua pepe, kwa WhatsApp au kwa fleshi hadi imfikie afisa wa mipango. Katika safari hiyo faili huokota takataka: michoro ya miradi ya zamani, majina ya wateja wengine, aina za mistari ambazo hakuna aliyeziomba. Takataka hizo hazionekani kwenye karatasi iliyochapishwa, ndiyo maana mwenye ploti anayelipia ramani kwa kawaida hajui kuwa zipo.

Kuzifuta ni kazi ya dakika chache. Kutozifuta kunaweza kumgharimu mwenye ploti wiki za kusubiri, kumpa nyumba yenye madirisha yasiyo ya kipimo alichokubali, au kufikisha namba ya ploti yake na jina lake kwa watu asiowajua.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na upimaji na uchoraji wa ramani za ardhi na masuala ya nyumba. Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka anayejenga apate kwanza idhini ya kaunti. Kwa hivyo kila nyumba ya kudumu inayojengwa kwa kufuata sheria huanza na ramani iliyopita mikononi mwa maafisa wa kaunti, na ubora wa ramani hiyo ni jambo linalowahusu wakazi wote.

STOO ILIYO NDANI YA FAILI

Programu inayojulikana zaidi ni AutoCAD, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982 na kampuni ya Autodesk ya Marekani. Faili zake huishia na herufi DWG. Faili ya namna hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mchoro wenyewe, yaani kuta, milango, vipimo na maandishi yanayoonekana kwenye kioo. Ya pili ni stoo isiyoonekana ambamo programu huweka maelezo ya vitu vinavyotumika kuchorea.

Chukua mlango. Mchoraji huuchora mara moja tu na kuupa jina, na kitu hicho huitwa bloku. Baadaye huuweka mahali 20 katika jengo bila kuuchora upya. Kompyuta huhifadhi mlango mmoja stoo na kukumbuka mahali 20 pa kuuonyesha. Huu ni ubunifu mzuri kwa sababu huokoa muda na hupunguza ukubwa wa faili. Tatizo huanza mchoraji anapobadilisha mawazo na kuifuta milango yote 20. Kwenye kioo haipo tena, lakini stoo bado una mlango wake, ukiwa na jina lilelile.

Hali ni hiyohiyo kwa leya, yaani tabaka ambazo wachoraji hutumia kutenganisha kuta, mabomba, nyaya za umeme na samani. Vilevile kwa staili za maandishi, staili za vipimo na aina za mistari. Chochote kilichowahi kutumika hubaki stoo mpaka mtu aagize kitolewe.

Chanzo kikubwa cha mabaki haya ni tabia ya kuanza kazi mpya kwa faili ya kazi ya zamani. Mchoraji mwenye haraka hufungua ramani ya nyumba ya mteja wa mwaka jana, huihifadhi kwa jina jipya, hufuta kilichomo na kuanza kuchora. Mteja mpya huwa amerithi stoo ya mteja wa zamani bila kuambiwa, na akija wa tatu, atarithi stoo za wote wawili.

Kunakili kutoka faili moja na kubandika katika nyingine nako huleta mizigo. Katika AutoCAD, kitu kilichobandikwa kama bloku hupewa jina linaloanza na A$C likifuatwa na herufi na tarakimu zisizo na maana kwa binadamu. Faili yenye majina mengi ya aina hiyo imepitia kubandikwa kwingi. Alama nyingine ni $0$ katikati ya majina ya leya. Hiyo huonyesha kuwa ramani ya mtu mwingine, pengine ya mpima ardhi au mhandisi, iliunganishwa moja kwa moja na leya zake zote zikaja nayo, zinazohitajika na zisizohitajika.

Mabaki mengine ni madogo sana kwa kuyatazama, ila huzaana. Programu za ziada zinazotumika pamoja na AutoCAD huandikisha majina yake ndani ya faili, na majina hayo husafiri kwa kila kunakili. Ramani zilizoletwa kutoka programu ya MicroStation, ambazo faili zake huishia na DGN, zilipata sifa mbaya miaka iliyopita kwa kuja na maelezo ya aina za mistari yaliyojirudia kupita kiasi, hadi Autodesk ikalazimika kutoa kiraka maalum cha kuyaondoa. Faili yenye mchoro wa nyumba ndogo inaweza kuwa nzito kuliko ramani ya mtaa mzima, na sababu yake isionekane popote kwenye mchoro.

DIRISHA LILILORITHIWA

Wachoraji wengi huona usafishaji kama suala la uzito wa faili tu. Lakini hatari kubwa iko kwingine, na inastahili kuelezwa polepole.

Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 anataka kujenga vyumba 8 vya kupangisha. Amekubaliana na msanifu kwamba kila chumba kiwe na dirisha moja la upana wa milimita 1500 na urefu wa milimita 1200. Msanifu anaanza kazi kwa faili ya zamani, ambayo madirisha yake yalikuwa ya upana wa milimita 1200 na bloku yake iliitwa W1. Ameshafuta madirisha hayo, lakini hajasafisha stoo. Kisha anafungua faili ya maktaba yake, ananakili dirisha jipya la milimita 1500, ambalo nalo linaitwa W1, na kulibandika kwenye ramani.

Hapo programu hukuta jina W1 tayari lipo stoo. Haibishani na mtu. Huchukua maelezo ya W1 yaliyokuwemo kwanza na kuyaacha yale mapya. Msanifu anaona dirisha limetokea mahali alipolitaka na anaendelea na kazi. Madirisha yote 8 yamekuwa ya milimita 1200.

Dirisha la milimita 1500 kwa 1200 lina eneo la mita mraba 1.8, na la milimita 1200 kwa 1200 lina mita mraba 1.44. Kila mpangaji amepoteza mita mraba 0.36 za mwanga na hewa, na jengo zima limepoteza 2.88. Jedwali la madirisha, ambalo kwa kawaida huandikwa kando, bado linasema 1500. Afisa wa kaunti akiwa makini ataona jedwali na mchoro havikubaliani, ataandika maoni na kuirudisha ramani. Mwenye ploti ataambiwa ramani imerudi, na hataelewa kosa lilifanyika wapi kwa sababu kila aliyeshika faili atasema hakugusa dirisha. Kwa kweli hakuna aliyeligusa.

Afadhali kurudishiwa. Kosa likipita bila kuonekana, fundi atajenga kwa kufuata mchoro huku fundi wa kuchomelea wa jua kali akitengeneza fremu na grili kwa kufuata jedwali. Siku ya kufunga madirisha ndipo wote wawili watagundua, ukuta ukiwa umeshasimama na linta zimeshamwagwa. Gharama ya kubomoa na kupanua, au ya kutengeneza grili upya, haitalipwa na stoo ya kompyuta.

Dirisha ni mfano mwepesi. Bloku inaweza kuwa ya nguzo, ya shimo la maji taka au ya alama ya nguzo ya umeme. Jina likigongana na baki la zamani, matokeo ni yaleyale.

JINA LA MTEJA WA JANA

Kila ramani ina kisanduku pembeni chenye jina la mwenye mradi, namba ya ploti, jina la msanifu na tarehe. Wachoraji wengi hukitengeneza kisanduku hicho kama bloku. Mteja mpya akija, huwekwa kisanduku kipya na kile cha zamani hufutwa kwenye mchoro. Kama ilivyo kwa mlango, cha zamani hubaki stoo. Mtu yeyote anayepokea faili anaweza kukirudisha kwenye kioo kwa kubofya mara mbili tatu na kusoma maandishi yaliyomo: nani alijenga, wapi, na pengine namba ya simu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za mtu binafsi azilinde na azitumie kwa kusudi lililozikusanya. Jina la mtu na ploti yake vikisafiri ndani ya ramani za watu wengine, kusudi hilo limepotea. Ofisi ya mchoraji haiwezi kujitetea kwamba haikujua, kwa kuwa amri ya kufuta ipo ndani ya programu yenyewe.

Kuna sehemu nyingine mbili ambazo husahaulika. Faili hubeba ukurasa wa sifa unaoonyesha jina la mwandishi na jina la aliyehifadhi mara ya mwisho. Katika AutoCAD ukurasa huo hufunguliwa kwa amri ya DWGPROPS. Pia, ramani ikiunganishwa na picha au faili nyingine, huhifadhi njia ya kuifikia, pamoja na majina ya folda za kompyuta ilikotoka. Ikiwa folda zimepewa majina ya wateja, orodha ya wateja imeshatoka nje ya ofisi.

Hatari nyingine huja kwa mlango wa folda. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitangaza kugundua mdudu aliyepewa jina ACAD/Medre.A, aliyekuwa akiiba michoro ya AutoCAD na kuituma kwa anwani za barua pepe zilizoko China. Waathiriwa wengi walikuwa Peru. Mdudu huyo alisafiri kama faili ndogo ndani ya folda za michoro, na mtu alipofungua ramani iliyokuwa pamoja naye, programu ilimwamsha. Faili zinazoishia na LSP au FAS ndani ya folda ya ramani, bila maelezo ya aliyezituma, zisifunguliwe wala zisipelekwe mbele.

UZITO NA BANDO

Ukubwa wa faili nao una gharama yake, hasa kwa mkazi anayepakia nyaraka akiwa saiba au kwa bando la simu. Faili ya megabaiti 60 ikipakiwa kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde huchukua dakika 4 mtandao ukiwa haujayumba. Ya megabaiti 5 huchukua sekunde 20. Mtandao ukikatika katikati, kazi huanza upya na bando limeshaliwa.

Kwa afisa anayekagua, faili nzito hufunguka polepole, hukwama, na wakati mwingine huifunga programu ghafla. Orodha ya leya 400 ambazo 30 tu ndizo zina kitu humlazimu kutafuta leya ya mfumo wa maji taka kama mtu anayetafuta ufunguo katika mkoba wa safari. Ramani za watu wengine zinasubiri nyuma yake.

NAMNA YA KUSAFISHA

Hatua ya kwanza haihusu kufuta. Ni kuhifadhi nakala ya faili kama ilivyo, kwa jina tofauti, na kutoigusa tena. Usafishaji ufanyike kwenye nakala ya pili, na ufanyike kazi ikiwa imekamilika. Anayesafisha katikati ya kazi anaweza kuondoa bloku na staili ambazo angezihitaji kesho yake asubuhi.

Baada ya hapo leya zote ziwashwe, zikiwemo zilizogandishwa, na mchoro mzima utazamwe kwa ukubwa wake wote. Mara nyingi kitu cha ajabu hujitokeza hapa: nyumba inakuwa nukta moja kwenye kona ya kioo. Maana yake kuna mstari au neno lililoachwa mbali sana. Kwa ramani zilizochanganywa na za upimaji hili ni la kawaida. Vipimo vya upimaji nchini vimetumia mfumo wa Cassini kwa ploti nyingi za zamani na UTM kwa nyingine, na mtu akibandika cha mfumo mmoja katika faili ya mfumo mwingine, vitu hutupwa kilomita nyingi kutoka vilipostahili. Vitu hivyo viondolewe kwa mkono, baada ya kuhakikisha si alama za mipaka.

Kisha faili ikaguliwe kwa amri ya AUDIT, ambayo hutafuta makosa ya ndani na kuuliza kama yarekebishwe. Jibu liwe ndiyo.

Ndipo inafuata amri yenyewe ya usafishaji, PURGE. Ikiandikwa, hufungua dirisha linaloonyesha vitu visivyotumika kwa makundi: bloku, leya, staili za maandishi, staili za vipimo, aina za mistari na vinginevyo. Kuna kisanduku cha kuruhusu kufuta vilivyo ndani ya vingine, na ni muhimu kiwekwe alama. Bloku ya chumba cha kuogea inaweza kuwa na bloku ya sinki ndani yake, na sinki haiwezi kuhesabiwa kuwa haitumiki mpaka chumba chenyewe kiondoke. Bila alama hiyo, amri hurudiwa mara kadhaa hadi orodha iwe tupu. Dirisha hilohilo lina nafasi ya kuondoa mistari isiyo na urefu na maandishi matupu, ambayo huonekana kama hayana madhara lakini huvuruga hesabu na uchaguzi wa vitu.

Majina yaliyoandikishwa na programu za ziada yana njia yake. Mchoraji huandika amri hiyo ikitanguliwa na kistari, yaani -PURGE, kisha huchagua R. Ni hatua ambayo wachoraji wengi vijana hawajafundishwa, na kwa faili zilizozunguka ofisi nyingi ndiyo huleta nafuu kubwa zaidi.

Amri ya OVERKILL huondoa mistari iliyolaliana, kwa mfano ukuta uliochorwa mara mbili mahali pamoja. Inafaa, lakini itumiwe kwa tahadhari. Kuna mistari inayolaliana kwa sababu nzuri, kama mpaka wa ploti unaopita juu ya ua. Ikiendeshwa bila kuangalia mipangilio yake, inaweza kubaki na mstari mmoja pale ambapo sheria inataka miwili ionekane.

Mtu huweza kumaliza yote haya na kukuta faili haijapungua. AutoCAD, kwa mipangilio yake ya kawaida, haiandiki faili yote upya kila inapohifadhi, bali huongeza mabadiliko na kuvumilia nafasi iliyopotea hadi asilimia 50. Kiwango hicho huitwa ISAVEPERCENT. Kikiwekwa 0, faili huandikwa upya nzima na uzito halisi huonekana.

Mwisho, PDF ya ramani kabla ya kusafisha na PDF ya baada ya kusafisha ziwekwe pamoja na kulinganishwa. Zinapaswa kufanana kila kitu, isipokuwa mabaki ya mbali yaliyofutwa kwa mkono. Kuanzia toleo la mwaka 2019, AutoCAD ina uwezo wa kulinganisha faili mbili za DWG na kuonyesha tofauti kwa rangi. Tofauti ikionekana pasipotarajiwa, kazi irudiwe kutoka nakala ya kwanza.

AMRI ISIYOKUWA NA MACHO

PURGE hufuta kisichotumika, na kwa kompyuta neno hilo lina maana finyu. Kitu chochote kilichowekwa kwenye mchoro, hata kama kiko kwenye leya iliyozimwa au iliyogandishwa, kinahesabiwa kuwa kinatumika. Ramani ya ghorofa ya mteja mwingine iliyofichwa kwenye leya iliyogandishwa haitaguswa hata amri ikirudiwa mara kumi. Faili inaweza kuitwa safi na programu huku ikiwa imebeba nyumba nzima ya mtu mwingine ndani. Hili ni jicho la mchoraji tu linaloweza kuliona, ndiyo sababu ya kuwasha leya zote mwanzoni.

Vipo pia visivyofutika kwa asili yake. Leya inayoitwa 0 na staili ya maandishi inayoitwa Standard ni sehemu ya msingi wa faili. Leya ambayo mchoraji ameichagua kwa sasa haifutiki mpaka ahamie nyingine. Asiyejua hayo huishia kushindana na programu bure.

Faili ikikataa kabisa kusafishika, kuna njia ya mzunguko: kuchagua mchoro unaohitajika peke yake na kuutoa kama faili mpya kwa amri ya WBLOCK. Kinachotoka ni kile kilichochaguliwa pamoja na maelezo kinachoyahitaji, na mabaki mengi hubaki nyuma. Mpangilio wa kurasa za kuchapisha hauji nao, kwa hivyo njia hii huongeza kazi.

PROGRAMU NYINGINE

Si kila mtu anatumia AutoCAD. Vijana wengi wanaochora picha za nyumba kwa wateja huanza na SketchUp, na humo mabaki huwa mazito zaidi kwa sababu ni vitu vya pande tatu. Mti, gari au sofa iliyopakuliwa kutoka mtandaoni, ikajaribiwa na kufutwa, hubaki ndani ya faili na picha zake zote. Dawa iko kwenye dirisha la taarifa za modeli, sehemu ya takwimu, ambako kuna kitufe cha kuondoa visivyotumika.

Revit, programu nyingine ya Autodesk, ina kitufe kama hicho katika sehemu ya usimamizi wa mradi. Baada ya kukibonyeza mara ya kwanza ni vizuri kukirudia, kwani rangi na vifaa vilivyokuwa vya samani iliyofutwa huanza kuhesabiwa kuwa havitumiki baada ya samani yenyewe kuondoka. Faili za DWG zikiletwa ndani ya Revit huacha aina za mistari zenye majina yanayoanza na neno IMPORT. Kuziona nyingi ni ishara kwamba mtu alileta ramani ambayo haikusafishwa kwanza. Mpangilio unaofaa ni kusafisha DWG ndipo iletwe.

ArchiCAD nayo ina dirisha la kusimamia leya, kalamu na vifaa ambako visivyotumika huweza kuondolewa. Kanuni za nakala ya kwanza na za kulinganisha PDF ni zilezile kwa programu zote.

MWENYE PLOTI AULIZE NINI

Mkazi hahitaji kujua amri hata moja ili kulinda haki yake. Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, amwombe msanifu faili ya PDF pamoja na faili halisi ya mchoro, na aulize kwa lugha ya kawaida kama mabaki ya kazi nyingine yameondolewa. Aombe kuonyeshwa mchoro kwenye kompyuta leya zote zikiwa zimewashwa. Akiona kitu ambacho si chake, hata kama ni jina tu, aombe kiondolewe hapohapo.

Asome kisanduku cha pembeni neno kwa neno: jina lake, namba ya ploti kama ilivyo kwenye hati, wadi, tarehe. Achukue jedwali la madirisha na milango, achague mawili matatu, na alinganishe vipimo na vile vilivyo kwenye mchoro. Hapo ndipo makosa ya stoo hujitokeza, na rula haihitaji shahada.

Msanifu awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mhandisi na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mkandarasi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mtaalamu aliyesajiliwa ana cheti cha kupoteza akifanya uzembe, na mwenye ploti ana mahali pa kupeleka malalamiko. Kusafisha faili ni sehemu ya kukamilisha kazi, sawa na fundi wa mbao kufagia vumbi kabla ya kukabidhi kabati. Anayetaka kulipwa zaidi kwa ajili ya hilo aulizwe ni kazi gani hasa aliyolipwa hapo mwanzo.

Kwa wachoraji wanaohudumia wateja wengi, njia ya kudumu ni kuacha kuanza kazi kwa faili ya mteja wa zamani. Kiolezo kimoja kisicho na mteja, chenye leya, staili na bloku za ofisi zilizokaguliwa, hutengenezwa mara moja na kutumika miaka. Kila ramani ianze hapo. Na kabla ya kutuma, aulizwe anayepokea anatumia toleo gani la programu, kwa kuwa faili iliyohifadhiwa katika muundo wa mwaka 2018 haifunguki kwenye AutoCAD ya kabla ya hapo. Ikihitajika ihifadhiwe katika muundo wa mwaka 2013 au 2010.

Ramani ikishaidhinishwa, mwenye ploti abaki na nakala tatu: karatasi zenye mihuri, PDF, na faili ya mchoro iliyosafishwa. Hiyo ya tatu ndiyo itakayohitajika siku atakapotaka kuongeza ghorofa au kuunganishwa na mfereji mpya wa maji taka, na huenda mchoraji wa kwanza atakuwa ameshahama mji.